Hilaria na Orodha ya Watu Saba

Hiki ninachotaka kuwaambia hamtakiamini, na mimi sitawalaumu. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu mawili, na bado kuna asubuhi naamka najiuliza kama kweli nilikuwepo. Mdogo wangu Hilaria, mwanamke ambaye akisimama katikati ya magunia ya ngano inabidi umwite ndipo ujue yuko wapi, alimtoa ghalani Meneja wa shamba zima. Hakumsukuma. Hakupaza sauti. Hakumwita polisi, polisi alikuwa pale pale, anakagua viatu vyake kama vile amevinunua jana. Na huyo Meneja ndiye aliyekuwa na funguo za ghala, funguo za ofisi, na funguo za kota aliyokuwa akilala Hilaria na mama yetu mzazi.

Naandika kwa sababu watoto wa siku hizi mnamwona Hilaria anapita na kikapu chake, mnasema "shikamoo shangazi," basi, mnadhani ni shangazi wa kawaida. Mimi ndiye kaka yake mkubwa. Naitwa Basili, dereva wa kombaini, dereva bora kuliko wote waliowahi kukanyaga ngano ya Hanang, na kama yupo anayebisha aje na kombaini yake. Shule niliishia darasa la nne. Siyo kwamba nilishindwa, ni mwalimu aliyeishiwa. Kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya, msinisumbue, fuateni habari.

Tulizaliwa Tumati. Watoto saba, Hilaria wa sita. Nyumbani kwetu baba alikuwa na tabia ya kurudi na wageni bila kutoa taarifa, na Hilaria, akiwa na miaka sita, alikuwa anasimama mlangoni na mikono kiunoni. "Huyu ni nani? Amekuja kwa nani?" Baba anacheka, mgeni anacheka, lakini mtoto hatoki mlangoni mpaka ajibiwe. Akishajibiwa anasogea, anamletea mgeni kigoda, anamwamkia vizuri kuliko sisi wote. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anataka tu kujua aliyemo ndani ni nani na yumo kwa sababu gani. Mama alisema huyu tukimwozesha, mume wake ataomba ruhusa ya kuingia chumbani. Labda ndiyo maana mume hakuonekana. Mimi nimesema labda.

Alimaliza darasa la saba kwa alama nzuri, na mimi nikiwa tayari nimeshuka kwenye mashamba ya ngano ya serikali huko tambarare, nikamtafutia kazi. (Yeye anasema aliandika barua mwenyewe. Barua aliandika, ndiyo, lakini nani aliyemwonyesha ofisi ilipo?) Wakampa ukarani wa geti la mizani. Hapo ndipo lori linapopimwa likiingia tupu na likitoka na mzigo. Watu wa shamba hawajapata kuona geti la namna ile. Lori linafika, dereva anapiga honi, Hilaria anatoka na ubao wake wa kuandikia. "Shikamoo. Karatasi." Dereva anatoa sigara, anatoa soda, anatoa salamu za kijijini kwao. "Asante. Karatasi." Mara moja alizuia trekta langu. Mimi! Kaka yake, niliyembeba mgongoni akiwa na surua!

"Hilaria, ni mimi."

"Nakuona, kaka. Trekta nalo naliona. Karatasi siioni."

Nilirudi ofisini kilomita tatu kwenda kugongewa mhuri.

Kwa kazi hiyo shamba lilimpa kota. Chumba kimoja na nusu, sakafu ya saruji, bati, na bomba la maji kwenye kona ya nje. Ni nyumba ndogo, lakini kwa Hilaria ilikuwa kila kitu, kwa sababu mwaka uliofuata mama alianza kuumwa miguu. Tumati kuna milima na matope, na mama hakuweza tena kwenda kisimani. Hilaria akamleta. Kota iko karibu na zahanati ya shamba. Kila Jumatatu na Alhamisi muuguzi alikuwa anamchoma mama sindano. Mama alikuwa anakaa mlangoni kwenye jua la asubuhi, amenyoosha miguu, anasalimiana na kila apitaye, na akaanza hata kunenepa. Mimi nilikuwa nalala bweni la madereva, wanaume ishirini na miguu arobaini. Kwangu asingeweza kukaa. Kwa hiyo elewa vizuri: kota ikiondoka, mama anarudi kwenye matope, na sindano zinaishia hapo.

Ikaja themanini na tano, mwaka wa uchaguzi. Wakati ule chama ni kimoja, lakini ubunge walikuwa wanagombea wawili, mmoja anapewa picha ya jembe, mwingine picha ya nyumba, ili na asiyejua kusoma ajue anapoweka alama. Kituo cha kura kwa upande wetu kikawekwa kwenye ghala la ngano, maana Oktoba ngano ilikuwa imeshaondoka na ghala lilikuwa linalia mwangwi. Wakatafuta msimamizi wa kituo, mtu anayejua kusoma, asiyekunywa, asiyeogopa watu. Walitaja majina mengi. Wote walinywa, isipokuwa Hilaria.

Akaenda mjini Katesh siku tatu kufundishwa. Alirudi na kijitabu. Sijapata kuona mtu anapenda kitabu vile. Kulikuwa na sheria nyingi humo, za wino, za sanduku, za lakiri, lakini Hilaria alikwama kwenye ukurasa mmoja: ukurasa unaosema nani anaruhusiwa kuwemo ndani ya kituo watu wakipiga kura. Aliusoma jioni ya kwanza, akausoma ya pili. Ni watu wa aina saba tu. Msimamizi. Makarani wake. Mawakala wa wagombea, mmoja kwa kila upande. Mgombea mwenyewe. Polisi wa zamu. Mpiga kura ambaye zamu yake imefika. Na mtu anayemsaidia mpiga kura asiyejiweza. Basi. Mwingine yeyote, nje ya kamba ya kituo.

Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya chumvi. Lakini alisikia orodha ile mara nyingi mpaka ikamwingia. Alikuwa anachambua maharage huku anaitaja kama litania ya kanisani: "Msimamizi... karani... wakala... mgombea..." na kila jina anadondosha harage moja kwenye sufuria. Nami nikipita kuomba chakula, Hilaria ananisimamisha pale pale mlangoni.

"Wewe ni nani kwenye orodha?"

"Mimi ni njaa."

"Njaa haimo. Mama, njaa imo?"

Mama anafikiri, anahesabu kwa vidole. "Haimo."

Nililia chakula nje ya nyumba ya mama yangu kwa wiki nzima. Haya, labda siku mbili.

Sasa Meneja. Nitamwita Meneja tu, maana alishahama na sitaki maneno. Alikuwa mtu wa kwetu, wa Maretadu, lakini alikuwa amesoma mpaka nchi za baridi, akarudi na shahada na miwani na kiti chake cha kuzunguka. Si mtu mbaya. Alipenda ngano. Tatizo lake aliona kila kilichosimama juu ya shamba ni ngano, pamoja na sisi. Na alikuwa na karatasi za matangazo: leo tangazo la kuvaa viatu kazini, kesho tangazo la kutofuga kuku kota. Mwezi wa nane alibandika moja lililotuuma. Lilisema mila zote zinazochelewesha kazi ni marufuku shambani, na akaitaja kwa jina: meeta.

Kwa msiotoka kwetu nitaeleza. Kwetu nyumba ikipata kifo cha namna fulani, hasa cha mtoto, watu wa nyumba ile wanajitenga kwa miezi. Hawaingii kwa mtu, hawachangii kikombe, hawaombi moto kwa jirani. Hiyo ndiyo meeta. Siyo adhabu na siyo chuki. Jirani anakupalilia shamba, anakuachia maziwa kwenye jiwe, mnaongea kwa mbali. Lakini paa moja hamkai, kwa sababu ukikaa naye chini ya paa moja unaibeba na kuipeleka kwako, kwa watoto wako na ng'ombe wako. Padre alisema tuache. Tuliacha Jumapili saa mbili mpaka saa nne. Meneja naye akatuambia tuache, kwamba mtu msomi hawezi kuogopa kitu kisichoonekana kwenye darubini.

Siku ya kura ilikuwa Jumapili. Upepo wa tambarare ulikuwa unabeba vumbi jekundu, foleni imejipanga kando ya ukuta wa ghala, watu kama mia tatu. Wafanyakazi wa shamba, wakulima wa Gendabi, na majirani zetu wafugaji na fimbo zao. Fimbo Hilaria alizikataa, akaziegemeza ukutani akazifunga kamba kama kuni, na kila mzee akitoka anapewa yake, hakukosea hata moja. Ndani kulikuwa na meza, daftari, sanduku, na kona ya kuwekea alama iliyozungushiwa magunia matupu. Karani alikuwa Theodory, kijana wa ofisi ya mishahara. Wakala wa jembe alikuwa Tadei, fundi wa matrekta. Wakala wa nyumba alikuwa Abdulrahmani, mwenye duka la vitambaa Katesh, mtu wa utani mwingi ambaye siku hiyo alikaa kimya kama yuko msikitini. Na polisi mmoja mgeni, wa huko pwani.

Mambo yakaenda vizuri mpaka saa nne. Ndipo Meneja akaja. Alipiga kura yake, akachovya kidole kwenye wino, sawa, haki yake. Halafu akamwambia dereva wake alete kiti. Kile cha kuzunguka. Akakiweka hatua tatu kutoka kwenye kona ya magunia, akakaa, akakunja nne.

"Endeleeni," akasema. "Mimi naangalia tu."

Sasa kila mtu shambani alijua Meneja anamtaka nani. Wiki nzima kwenye mkusanyiko wa asubuhi alikuwa anatuambia sisi wa ngano ni watu wa jembe, na anayetaka nyumba atafute nyumba kwingine. Na magunia yale ya kona, jamani, ngano ilikuwa imeyatoboa. Mtu akiwa ndani unaona kiwiko kinaelekea wapi. Mpiga kura wa kwanza aliyeingia baada ya hapo alikuwa mpakia magunia mmoja, mwanaume wa kubeba kilo tisini bila kuguna. Kutokea pale nilipo, nje ya kamba, niliona ameinama anaziba karatasi kwa kifua kizima. Wa pili alifika mlangoni, akamwona, akasema amesahau kadi, akaondoka. Wa tatu naye akasahau. Foleni ile, watu kama mia tano, ikaanza kusahau kadi.

Hilaria akasimama. Akamwendea Meneja, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwa wakubwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Hilaria."

"Mzee, umeshapiga kura."

"Nimeshapiga."

"Basi nakuomba utusubiri nje ya kamba. Wanaokaa ndani wameandikwa." Akafungua kijitabu, akamsomea wote saba, taratibu, kidole kwenye mstari.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, lakini ghala tupu halifichi sauti: "Hili ghala ni la nani?"

"La shamba, mzee."

"Na kota unayolala?"

Hilaria akafunga kijitabu. "Ya shamba, mzee."

"Na dawa anayochomwa mama yako?"

Niliona shingo yake. Mimi namjua mdogo wangu. Akiogopa shingo inakuwa fupi. Akamgeukia polisi, na hapo ndipo polisi alipogundua viatu vyake. Naye alikuwa anakula unga wa shamba.

Meneja akazungusha kiti nusu mduara. "Rudi mezani, mwanangu. Kazi iendelee."

Akarudi mezani. Ndiyo, alirudi, sitawadanganya. Aliketi, akaweka mikono juu ya daftari, hakumwita mtu. Tadei anamwangalia, Abdulrahmani anamwangalia. Kura zimesimama. Angeandika kwenye ripoti yake, kijitabu kilisema hivyo, lakini ripoti inasomwa Katesh, na kota iko hapa.

Ndipo foleni ikapasuka katikati, watu wanarudi nyuma huku na huku. Nikageuka. Kule kwenye mapipa ya dizeli alikuwa amesimama Mama Letisia.

Huyu mama alikuwa mshona magunia wa ghala lile lile, sindano yake ndefu ilijulikana. Mwezi wa saba alimzika mtoto wake wa mwisho, msichana wa miaka minne. Tangu siku hiyo alikuwa hajaingia chini ya paa la mtu. Alikuwa amevaa kaniki, na kadi yake ya kupigia kura ameifunga kwenye nailoni, ameishika kwa mikono miwili.

Hilaria alimwona kupitia mlangoni. Akasimama kwenye kizingiti.

"Mama Letisia! Umekuja kupiga kura?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kuona tu. Endeleeni, nitasimama huku huku."

"Kadi unayo?"

"Ninayo."

"Jina lako limo kwenye daftari. Njoo."

Mama Letisia akatikisa kichwa. "Siwezi kuwaletea watu. Unajua."

"Najua," Hilaria akasema. "Lakini wewe ni mpiga kura. Sikuona mahali wameandika mpiga kura ambaye hajafiwa."

Akageuka ndani. Shingo yake ilikuwa imerudi. Akaongea kama anavyoongea getini: "Mama Letisia anaingia. Mimi nabaki. Mawakala ni lazima mbaki, mmeapa. Theodory, mke wako ana kichanga cha wiki tatu. Nakupa ruhusa, toka, daftari nashika mwenyewe."

Theodory alitoka kwa mbio, akapita karibu yangu kama swala. Tadei akajipigia ishara ya msalaba akabaki, jasho linamdondoka kwenye ovaroli, maana naye ni wa kwetu. Abdulrahmani akamvutia kiti karibu akamwambia, "Kaa na mimi, fundi. Kwetu hii haipo, labda itaogopa." Polisi hakuelewa kitu, akabaki.

Akabaki Meneja. Msomi. Mwenye tangazo ukutani. Alikuwa ameacha kuzunguka. Mama Letisia alikuwa ameanza kutembea, polepole, hatua za mtu anayekwenda kanisani, na kwa kila hatua yake Meneja alikuwa anavuta miguu chini ya kiti. Mwisho akasafisha koo.

"Hilaria. Na mimi je? Unanipa ruhusa?"

Na hapa ndipo mtasema Basili anatunga. Hilaria alimwangalia kwa heshima yote, akafungua tena kijitabu, akatafuta.

"Mzee, siwezi kukupa ruhusa ya kutoka. Kwenye karatasi yangu hujaingia."

Meneja akasimama. Akasema amekumbuka kuna simu ya Arusha. Jumapili! Akatoka kwa mlango wa nyuma, na kiti chake amekikumbatia mwenyewe, magurudumu hewani. Sikucheka. Waulizeni wote. Nilikaa chini tu kwa sababu miguu ilichoka.

Mama Letisia akaingia. Hilaria hakumwonyesha mkono wa mbali wala hakugeuza uso. Alimpa kalamu mkononi, kiganja kwa kiganja. Mama Letisia akaenda kwenye kona, akakaa humo muda, tukadhani anashindwa. Baadaye Tadei alisema alikuwa analia kidogo, akamaliza, akaweka alama. Jembe au nyumba hakuna ajuaye mpaka leo, na ndiyo maana ya magunia. Akadumbukiza, akachovya kidole, akatoka akiangalia mbele. Pale kwenye mapipa aligeuka akasema, "Asante, msimamizi." Siyo mwanangu. Msimamizi.

Sasa sikilizeni kosa. Kosa la Hilaria, maana analo. Alikuwa amepanga vizuri nani atoke na nani abaki, lakini alisahau kitu ambacho mtu wa kwetu hapaswi kusahau: ghala lenyewe sasa limeguswa. Akarudi mezani akaita, "Anayefuata!" Hakuna aliyefuata. Foleni ile, watu kama mia nane, ilikuwa imerudi nyuma mpaka kwenye uzio, kila mtu anamwangalia mwenzake. Na kule barabarani Meneja alikuwa amekaa kwenye kiti chake, nje kabisa ya kamba, anangoja. Hakuhitaji kuingia tena. Kituo kisicho na wapiga kura ni kosa la msimamizi, na msimamizi aliyeharibu uchaguzi anafukuzwa kazi kihalali, kwa mhuri, na kota inarudi shambani.

Hilaria alikuwa amekaa peke yake na mawakala wawili na yule polisi. Akaniangalia kupitia mlangoni. Nami nikajua la kufanya, nikaondoka. Namna nilivyomleta mama nitaisimulia mwisho, kwa sababu ni sehemu tamu na inanihusu mimi. Itoshe kusema nilimleta. Alishuka, akajinyoosha shuka, akashika bega langu, akaikagua ile foleni kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Mnaogopa nini?" akasema kwa lugha yetu. "Mimi nimezika wanne. Mumo mliokuwa mnaniletea maziwa kwenye jiwe. Asanteni, yalikuwa mazuri. Miezi yangu nilikaa, ikaisha. Huyo mama na yake itaisha. Lakini kura haimngoji, na mimi miguu hainingoji. Sogeeni."

Tukafika kizingitini. Hilaria akainuka mezani. Nilidhani atamkumbatia. Aliniangalia mimi.

"Wewe ni nani kwenye orodha?"

Nikafungua mdomo, na mama akanitangulia, kwa Kiswahili, neno kwa neno kama lilivyo kwenye kijitabu: "Mtu anayemsaidia mpiga kura asiyejiweza."

"Pita, kaka," Hilaria akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Ndiyo hivyo. Katika ukoo wetu wote mwanaume wa kwanza kuwemo kwenye orodha ni mimi. Nilimshika mama mkono mpaka kwenye kona, nikageuza uso asije mtu akasema, akaweka alama zake, akadumbukiza. Alipotoka alikaa pale pale mlangoni, juani, akanyoosha miguu kama nyumbani. Bibi mmoja wa Gendabi akaja, akamsalimia, akaingia. Halafu mwingine. Wazee wa kike kwanza, wale wasio na kitu cha kuogopa tena, na kila mmoja akitoka anakaa kando ya mama. Halafu wafugaji, ambao mila yao ni nyingine na walikuwa wanatushangaa muda wote. Halafu wanaume wa kwetu, waliona aibu kubaki nyuma ya bibi zao. Saa kumi jioni foleni ilikwisha. Hakuna aliyesahau kadi.

Tulimngojea Meneja Jumatatu. Hilaria alifunga vitu vya mama kwenye kanga, akaviweka mlangoni, tayari. Meneja hakuja. Jumanne hakuja. Unajua kwa nini? Ili amfukuze Hilaria ingebidi aandike sababu. Angeandika nini? Kwamba alitoka ghalani? Kwa nini alitoka? Tangazo lake lilikuwa bado linapepea ukutani. Alhamisi mama alichomwa sindano yake kama kawaida. Ijumaa Meneja alifika getini na gari lake, na Hilaria akatoka na ubao.

"Shikamoo mzee. Karatasi."

Akatoa. Ilikuwa na mhuri. Geti likafunguliwa. Na wiki iliyofuata tangazo la mila likatolewa ukutani, likawekwa la panya.

Meeta aliyoibeba Hilaria siku ile aliikaa mwenyewe, mwezi mzima, hakuingia kwa mtu, na maziwa yalikuwa yanawekwa kwenye jiwe nje ya kota. Asubuhi moja nilimkuta mwekaji, alikuwa dereva wa Meneja. Kuna watu walisema Hilaria alimtumia Mama Letisia kama fimbo ya kumfukuzia mkubwa. Nilimuuliza. Alisema, "Kaka, hata kama Meneja asingekuwemo, ningemwita." Ninamwamini. Mama aliishi kwenye kota ile miaka sita zaidi, na alipozidiwa, orodha ile alikuwa bado anaijua; alikuwa anaitaja kitandani badala ya rozari, na akifika kwa wa saba alikuwa ananitafuta kwa mkono.

Sasa miaka kumi imepita, mwaka huu vyama ni vingi, na Hilaria amepewa kijitabu kipya. Orodha imekuwa ndefu: mawakala wengi, watazamaji. Mimi simo tena. Naandikia haya mezani kwake, huku nayasoma kwa sauti, kota ile ile, dirisha wazi, yeye yuko nje anamwagilia vitunguu. Kwa hiyo nafasi ninayo ya kuwaambia vizuri ile sehemu tamu. Siku ile, jamani, nilimkuta mama hawezi kusimama. Nikainama, nikambeba mgongoni, kutoka hapa mpaka ghalani, kilomita nne na nusu, jua la Oktoba, upepo usoni, sikupumzika hata mara moja, na nilipofika kwenye kamba foleni ile ya watu elfu mbili ikavua kofia, na Meneja mwenyewe akainuka kwenye kiti chake akapiga saluti akaniambia, "Basili, mwanaume kama wewe..."

"Kaka," anasema Hilaria dirishani, na ndoo mkononi. "Ni mita mia mbili. Na toroli ulilomletea mama si hili hapa nililopandia vitunguu? Tena ulimwangusha mara mbili."

"Mara moja, Hilaria! Ya pili alishuka mwenye..."